Mwaka Jino Langu Lilipohamishwa

Habari ya kifo cha Daktari Bolamba ilinikuta mezani, tonge la lituma, ndizi za kupondwa, likiwa bado mkononi. Aliyepiga simu ni Mado, rafiki yangu tangu shule ya sekondari, na hakunisalimu. Alisema, "Salima, ule docteur yetu ya meno alikufa jana. Matanga iko huku Mangobo, nyuma ya kwetu." Sisi ni wanawake ambao wajukuu wetu wameanza kutuficha mambo, lakini hata siku ile hatukuweza kutamka tulichokijua sisi wawili juu ya mtu yule. Kifo chenyewe hakikunishtua, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshamzika zamani, huko Basoko, ambako meli ilimpeleka. Kilichonishtua ni maneno ambayo Mado aliyaongeza kabla ya kukata simu: kwamba mzee alikuwa amerudi Kisangani tangu miaka mitatu, akitembea kwa fimbo, akikaa mwendo mfupi tu wa pikipiki kutoka mlangoni kwangu. Miaka mitatu nilipita barabara ile kwenda sokoni. Ningeweza kumkuta amekaa barazani. Ningeweza kumwambia. Niliweka tonge chini, nikashika taya langu la kushoto, nikabaki hivyo mpaka chakula kikapoa.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi Kabondo kwa tantine Aziza, dada yake baba. Alikuwa mshonaji wa nguo za wanawake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili: cha mbele cha cherehani na cha nyuma cha kulala, na kati ya hivyo viwili palikuwa na pazia tu. Nilifanya kazi zangu za shule upande wa pili wa pazia lile, na kwa hiyo nilisikia yote. Wanawake waliokuja kupimwa viuno walisimama wakiwa wamevaa nusu ya nguo na kusema mambo ambayo wasingeyasema wakiwa wamevaa nguo nzima. Mume wa fulani amehamia Lubunga kwa mwanamke mwingine. Binti wa fulani hajapata siku zake. Tantine aliitikia huku pini zikiwa midomoni, kwa hiyo majibu yake yalikuwa mguno mmoja tu, na kila mteja aliuelewa mguno ule kama alivyotaka. Nilijua mapema kwamba neno likiingia chumba kile asubuhi, jioni linatoka limevaa nguo nyingine. Nilijua, na bado haikunisaidia kitu.

Jino langu lilianza kuuma wakati wa mvua. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, lile kubwa ambalo mtu hutafunia. Tantine alilijaza karafuu, akalisugua kwa chumvi, akanipa maji ya majani machungu nisukutue. Siku moja niliamka shavu limevimba hata jicho limekuwa dogo, naye akaweka pini zake kwenye kopo, akanipandisha kwenye toleka, zile baiskeli zilizokuwa zikibeba watu mjini kabla ya pikipiki, na mwenyewe akapanda ya nyuma. Tulikwenda Makiso, kwenye kliniki moja ndogo ambayo sasa haipo tena. Daktari Bolamba alikuwa mtu mwembamba, wa upande wa Isangi, mwenye sauti ya chini. Alizungumza nasi Kiswahili, na muuguzi wake Kilingala, na nafsi yake Kifaransa. Muuguzi aliitwa Antoinette. Alikuwa bado msichana, pengine amenizidi miaka sita au saba, na alikuwa na mikono baridi ambayo nilifurahi ikigusa shavu langu.

Walinipa dawa ya kushusha uvimbe, wakaniita tena baada ya wiki. Daktari alipiga picha ya taya, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, akaitazama picha ile dirishani kwa muda mrefu. Kisha akaja kukaa mbele ya tantine, si mbele yangu.

"Bon, mama," alisema. "Ile jino haitapona, tutaitosha, tuing'oe kabisa. Lakini mutoto iko na ingine huku nyuma kabisa, bado haijatoka. Iko tu ndani, haina kazi. Tunaweza kuitosha ile, tuipande pa nafasi ya hii mubovu."

Tantine alimtazama kana kwamba amesema atanikata kichwa na kukishona upya. "Docteur," alisema taratibu, "jino haiko shina ya muhogo."

"Iko karibu vile, mama. Mizizi yake bado michanga. Ikiwa michanga, inaweza kushika."

Akachukua daftari langu la shule, akageuza ukurasa wa mwisho, akachora. Alichora taya, akachora gego bovu, akachora na lile la nyuma likiwa limelala ndani ya fizi, mizizi yake mifupi na iliyo wazi kwa chini kama mdomo wa chupa. Alisema yeye aliliona jambo hili wakati wa masomo yake nje, na kwamba hapa mjini hajawahi kulifanya. Alisema wazi kwamba linaweza kukataa. Akasema pia kwamba tukitaka ang'oe tu, atang'oa tu, lakini msichana wa miaka kumi na saba ana miaka mingi ya kutafuna mbele yake. Mimi nilikuwa nimekaa na mdomo wazi, kwa maumivu na kwa mshangao. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kitu cha mwilini mwangu kinaweza kutolewa mahali pake na kupewa mahali pengine.

Tantine hakukubali siku ile. Alikwenda kwanza kumuuliza mzee mmoja wa msikitini, na jibu alilolileta nyumbani nililisikia kupitia pazia akimweleza mteja. Mzee alisema kitu cha mwili wake mwenyewe kurudi katika mwili wake mwenyewe hakina neno. Ila tuwe waangalifu asije akawekewa kitu cha maiti. Tantine alicheka alipokuwa akilisema hilo. Nadhani maneno yale yaliniingia bila mimi kujua.

Kazi yenyewe ilifanyika asubuhi. Nakumbuka sindano, kisha taya kuwa zito kama si langu. Nakumbuka sauti, kama mtu anayevunja muhogo mkavu, na kwamba sauti ile ilitoka ndani ya kichwa changu. Gego bovu lilianguka kwenye sahani ya chuma. Baadaye alifanya kazi nyuma kwa muda mrefu, na kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho, sikuona alichokuwa akifanya. Nilipofumbua macho, jino lilikuwa hewani. Alilishika kwa koleo, juu ya uso wangu, kwa kichwa cha jino tu, bila kugusa mizizi, jeupe na lenye damu, na alisema, "Upesi, upesi," na Antoinette akasogeza taa. Sijui kama lilikaa hewani kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Nililiona likishuka, nikahisi uzito, kisha akafunga uzi juu yake, msalaba, ili lisitoke. Antoinette alinifuta kidevu, akaniambia kwamba nimekuwa hodari kuliko wanajeshi wanaokuja pale.

Kwa wiki mbili nilikula uji na lituma iliyopondwa na maji mpaka ikawa kama supu. Tantine alikuwa akinitazama nikimeza, na mara kwa mara aliniambia nifungue nimwoneshe. Nilikwenda kliniki mara kwa mara. Uzi ulitolewa. Jino lilisimama, fizi ikalikumbatia, likaacha kucheza. Daktari alifurahi, lakini kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Kila nilipokwenda alichukua kipande cha barafu alichokifunga kwenye pamba, akakigusa kwenye jino, akaniambia niinue mkono nikisikia baridi. Kwenye meno mengine niliinua. Kwenye lile sikuinua. Alikuwa akingojea siku nitakapoinua.

Mara ya tatu au ya nne aligusa, akangoja, akagusa tena. Sikuhisi kitu. Akageuka kwa Antoinette, mgongo wake kwangu, akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, "Elle est morte, je crois. Une dent morte." Alikuwa akisema kwamba jino limekufa, kwamba mshipa ulio ndani yake haukuamka. Ndivyo ninavyojua leo. Lakini mimi, niliyekuwa nimelala na taa usoni, nilisikia kineno kidogo ambacho hakikusemwa. Nilisikia "une dent de morte", jino la mwanamke aliyekufa. Na Antoinette akamjibu kwa Kilingala, "Toyebisa ye naino te, akobanga," yaani tusimwambie kwanza, ataogopa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikuweza kupanda toleka, kwa sababu nilihisi kama mwenye baiskeli angesikia harufu. Nilitema mate njia nzima. Sikuwa nimemwona akilitoa jino lile nyuma ya mdomo wangu, nilikuwa nimeliona tu likiwa hewani. Hospitali kubwa ilikuwa na chumba cha maiti. Nani angezuia daktari kuingia? Ningeweza kupeleka ulimi nyuma, kwenye fizi iliyoshonwa, na ulimi ungeniambia ukweli. Sikufanya hivyo. Hata leo ninashangaa kwamba msichana aliyekuwa wa kwanza darasani katika hesabu hakufanya hivyo. Nilikuwa nikifikiria mdomo mmoja tu, wa mwanamke nisiyemjua, aliyelala chini ya ardhi na pengo upande wa kushoto.

Nilimwambia Mado peke yake, kwenye bomba la maji la shule, nikamwapisha. Mado aliapa. Sijawahi kumuuliza alimwambia nani, naye hajawahi kunieleza. Kabla ya wiki mbili kwisha neno lilipita upande wa pili wa pazia letu, kwa mdomo wa mteja aliyekuwa akipimwa blauzi: kwamba kuna daktari Makiso anayenunua meno ya maiti na kuyapanda kwenye vinywa vya watoto wa watu. Cherehani ilinyamaza. Mteja alipotoka, tantine alikuja na tochi.

"Salima. Fungula kinywa."

Nilifungua. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Ni wewe ulisema?"

Hakuwa mwanamke wa kupiga. Angekuwa wa kupiga, labda ningesema kweli, kwa maana kofi huisha. Niliogopa macho yake. Nikasema, "Hapana, tantine. Ni Antoinette. Yeye ndiye alikuwa ndani, yeye ndiye anajua." Ilitoka haraka, bila hata kujikwaa. Sikuwa nimepanga.

Kesho yake alinishika mkono mpaka kliniki na kumwambia daktari, mbele ya muuguzi wake, kwamba mfanyakazi wake ana mdomo. Akasema yote yanayozungumzwa mjini. Daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ndipo tantine akamuuliza jino lile ni la nani, naye akanyanyuka, akaleta picha ya kwanza na picha ya baada ya kazi, akaziweka sambamba dirishani, akamwonesha: hapa lilikuwa limelala, hapa halipo tena, hapa limesimama. Tantine alielewa mara moja. Yeye ni mtu aliyezoea kuona kitambaa kikitolewa mahali na kushonwa pengine. Nami nilielewa pale pale. Antoinette hakuwa akitazama picha. Alikuwa akinitazama mimi. Alisema, "Mi sikusema kitu kwa mutu. Salima, ulisikia nikisema?" Alingoja. Nilitazama viatu vyangu.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye korido ya kliniki nikingojea zamu yangu, walipofika watu wa familia moja kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Walikuwa wamemzika mama yao mwezi ule, na mama alikuwa amefia hospitali. Hawakuwa wakipiga kelele. Mwana wa kwanza alikuwa na jembe begani, akasema kwa adabu kabisa kwamba wanataka tu daktari awaambie kama wafukue au wasifukue. Nyuma yao mlango ulijaa watu wengine ambao hawakuwa na maiti yoyote. Daktari alitoka na koti lake jeupe. Akaeleza. Watu walikuwa hawasikii, wengine hawakijui Kifaransa chake na wengine hawakiamini Kiswahili chake. Ndipo akaniona.

"Mademoiselle," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama aliyeona kamba. "Uwaambie. Fungula kinywa, uwaoneshe kule nyuma, pale tulitosha."

Watu wote waligeuka. Mwenye jembe alinitazama bila hasira, alikuwa na macho mekundu ya kulia. Nilikuwa na kila kitu mdomoni mwangu: kovu, jino na ukweli. Kufungua tu kungetosha, bila kusema neno. Lakini nilijua kwamba nikianza, wataniuliza neno lilitoka kwa nani. Nilifunga mdomo, nikabana hata meno yakauma. Nikatikisa kichwa.

Walivunja kabati kwanza. Ndani yake kulikuwa na chupa kubwa ya kioo ambamo alihifadhi meno aliyowang'oa wagonjwa kwa miaka, ya kufundishia wanafunzi. Ilipoanguka, meno yalimwagika sakafuni, mengi mno, yakabingirika mpaka kwenye miguu yetu. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia kilio cha msiba, na baada ya hapo hakukuwa na mtu aliyeweza kueleza chochote. Hawakumpiga. Mwenye jembe mwenyewe alisimama mbele yake asipigwe. Lakini kiti kilipinduliwa, mashine ya picha ikavunjwa, na kabla ya mwezi kwisha Daktari Bolamba alipanda meli na mke wake kushuka mto kwenda Basoko. Kuhusu Antoinette nilisikia tu kwamba amefukuzwa.

Mwisho wa mwaka wa shule tulialikwa arusi jirani. Walipitisha chupa za sukari, yaani soda, zilizotoka kwenye ndoo ya barafu. Nilikunywa bila kufikiri, na kitu kikanichoma upande wa kushoto, chini, kama sindano. Niliweka chupa mezani. Nikaokota kipande cha barafu, nikatoka nje, nikakigusisha kwenye jino lile na mengine hapana. Lilichoma. Nikarudia, likachoma tena. Liliamka. Alichokuwa akikingojea kila wiki, pamba mkononi, kilikuja miezi minne baada ya kuondoka kwake, na mimi nilisimama nyuma ya nyumba ya watu nimeinua mkono juu, peke yangu, kama mjinga. Tantine aliponikuta nilimwambia kwamba jino liko hai. Alisema nimwandikie daktari barua. Niliianza mara tatu. Kila mara nilifika kwenye sentensi ya pili, ile ambayo ingebidi ieleze mambo mengine, nikachana karatasi.

Juzi nilikwenda matanga. Mado alisema miguu inamuuma, nami sikumlazimisha. Chini ya turubai viti vya plastiki vilikuwa vimejaa, na mjane, mama Berthe, alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake. Sikuwa nimewahi kumwona kabla. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Mama, mimi ndiye mutoto wa ile jino." Alinishika mikono yote miwili. Akasema mume wake hakuacha kulizungumza jino lile mpaka alipolala kitandani mara ya mwisho, akijiuliza kama lilishika. Nikamwambia lilishika. Nikamwambia liliamka, na kwamba jana nimelitafunia. Alilia, akacheka, akawaambia wanawake waliomzunguka. Ningeweza kuondoka wakati ule, nimeleta zawadi. Lakini sikuweza kuinuka na mikono yake juu yangu, na nilimwambia mengine: nilichokisikia, niliyemwambia, na jina nililolitaja tantine aliponimulikia tochi.

Mikono yake ilitoka kwenye yangu.

"Nani alisema kama ni Antoinette?"

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Kisha akanieleza, na hakupandisha sauti, kwamba Antoinette ni mdogo wake, wa tumbo moja. Kwamba alikuwa akiishi kwao, akilala na kula kwao. Kwamba aliapa kwa kaburi la mama yao kuwa hakusema kitu, na yeye, Berthe, akamtupia nguo zake nje kwa mikono yake mwenyewe. Daktari alitaka kumsamehe, akakataa yeye. Wazee wa ukoo walikufa, watoto wakaoa, na wao wawili hawakusalimiana. Kisha akaonesha kwa kidevu. Pale mwisho wa turubai, karibu na pipa la maji, mwanamke mzee alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa amekuja bila kuitwa, tangu asubuhi, na hakuna aliyempelekea hata chai.

Mjane hainuki mkekani kwenda kwa mtu. Watu humjia. Mama Berthe aliinuka. Wanawake walitaka kumzuia, akawaondoa mikono, akapita kati ya viti, nami nyuma yake. Alisimama mbele ya mdogo wake. Akageuka kwangu. "Sema," aliniambia. "Vile uliniambia mimi, umwambie na yeye."

Nilisema. Safari hii nilisema kwa maneno machache, kwa kuwa hayakuwa mengi. Antoinette alinisikiliza akitazama mkoba wake. Nilingoja aniulize kwa nini, au anitukane, au anipige mbele ya watu, na ningepokea lolote. Hakunitazama kabisa. Alimwambia dada yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Yaya, dada yangu, unajua nilifika kuamini kama ni mimi? Nilikuwa nafikiri, labda nilisema kwa mutu fulani, halafu nikasahau. Nilitafuta sana kukumbuka nilimwambia nani."

Kisha alisogea kwenye benchi, na dada yake akaketi. Hapakubaki nafasi ya mtu wa tatu. Nilisimama mbele yao, na hakuna aliyeniambia niende wala nibaki.